Hakuna Nusu Kipande

1

Mlango ulipojifunga nyuma yao, hakuna aliyegeuka kuutazama. Milango ya Kitulo ilikuwa na tabia hiyo. Ikihisi baridi hujifunga, ikipata joto hujifungua, na watu waliizoea kama walivyozoea wepesi wa miili yao. Kitulo kilikuwa makazi yaliyochimbwa ndani ya ukuta wa shimo kubwa, kusini kabisa mwa Mwezi, mahali ambapo mwanga wa jua haukuwahi kufika. Waliokuja kuchimba barafu humo walitoka Rungwe, wakayapa makazi yao jina la uwanda wa baridi waliokuwa wakiutazama kwa mbali kule nyumbani.

Mwalimu Atuganile alipanga vikombe vitano vya bati juu ya sanduku kuukuu, akamwaga maharage machache pembeni.

"Leo tumebaki watatu," alisema.

"Wengine wako msibani, Mwalimu," akajibu Tupokigwe. "Na sisi tungekuwa huko kama tungekuwa na haya."

Tupokigwe alikuwa mpishi wa bwalo kuu, mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na sufuria. Miguuni pake palikuwa na hotipoti ya ndizi iliyofungwa kwa kanga, chakula cha wafiwa. Mzee Mwasile, mtunza tanuru, alikuwa amefariki, na ukumbi waliokuwa wakisomea jioni ulikuwa umejaa waombolezaji. Ndiyo maana Atuganile alikihamishia kipindi kwenye stoo hii ya zamani, mwisho kabisa wa handaki la mwisho.

"Nusu saa tu, kisha twende tukalie na wenzetu," Atuganile alisema. "Mtihani uko karibu, dada."

"Mwache Mwalimu aseme," akadakia Lusubilo. Yeye alikuwa fundi bomba, kijana mpole ambaye tangu mke wake ajifungue hakuwa na usingizi. Mtoto alikuwa njiti, amelazwa zahanati kwenye kitanda cha joto. "Nikikaa bure nafikiria mambo mabaya."

Atuganile akachukua maharage.

"Zamani sana, kule Vienna, aliishi mwanafizikia mmoja, Ludwig Boltzmann. Alitaka kujua joto linavyojigawa kati ya chembe zisizohesabika. Ila joto ni kama maji, halina mafundo. Utahesabuje kitu kisicho na mafundo? Basi akafanya ujanja. Akasema, tujifanye nishati imekatwa vipande." Akainua harage moja, akalidondosha kikombeni, kisha jingine kwenye kikombe cha pili. "Hiki kipande, hiki kipande. Halafu akahesabu njia zote ambazo vipande vinaweza kuingia kwenye vikombe. Mpangilio wenye njia nyingi zaidi ndio tunaoukuta duniani."

"Kwa hiyo alidanganya," alisema Tupokigwe.

"Alirahisisha. Nia yake ilikuwa mwishoni avifanye vipande vidogo, vidogo, mpaka vipotee kabisa, maji yarudi kuwa maji."

"Vikapotea?"

"Kwake vilipotea. Lakini miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwenzake wa Berlin, Max Planck, alikuwa amekwama. Hesabu zake za mwanga unaotoka kwenye tanuru hazikukubali. Akaazima ule ujanja wa vipande. Na alipofika mwisho akakuta vipande havifutiki. Ukivifuta, jibu linaharibika. Ukiviacha, jibu linalingana na tanuru lenyewe. Hapo ndipo fizikia mpya ilipoanzia, ile ya vitu vinavyokuja vizima au visije kabisa."

"Na yule wa kwanza," Lusubilo aliuliza, "alijua kwamba ujanja wake umezaa kitu?"

Atuganile alifungua mdomo kujibu. Taa ikafifia.

Spika ya ukutani ikakohoa, kisha sauti tulivu ya mashine ikasema: "Pampu moja ya tanuru imesimama. Joto limeshuka hadi nusu. Mgawo unapangwa upya."

"Mungu wetu," alisema Tupokigwe, huku akinyanyua hotipoti yake. "Darasa limekwisha. Twendeni."

Wakaenda mlangoni, wakasimama mbele yake kama wanavyosimama watu wote wa Kitulo, wakingoja ufunguke. Haukufunguka.

2

Lusubilo ndiye aliyejaribu mkono wa dharura. Ulikuwa chuma kirefu pembeni mwa mlango, na kwa muda mrefu hakuna aliyeugusa. Akaushika kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani, akavuta. Grisi ya ndani ilikwisha kuwa ngumu kama jiwe.

"Pole pole, mdogo wangu," Tupokigwe alisema.

"Nikienda pole pole hautasogea, dada Tupo."

Akavuta tena kwa nguvu zake zote. Chuma kikalia, kikakatika, na Lusubilo akarushwa nyuma akielea hadi ukuta wa pili, kipande cha mkono kikiwa bado mkononi. Walikitazama kile chuma, wote watatu.

Atuganile akabonyeza kitufe cha spika. "Ambilikile. Uko hapo?"

"Mwalimu!" Sauti ya msimamizi wa Mgawo, mashine iliyogawa joto la Kitulo, ilikuja haraka, kama mtu aliyekuwa ameweka mdomo karibu na kifaa. "Nimeona stoo imesoma sifuri. Nikasema, nani anakaa stoo? Mko wangapi?"

"Watatu. Mlango umekataa na mkono umekatika. Tumeni watu waukate kwa nje."

Walimsikia akimwita mtu kando, kisha akarudi.

"Mlango huo ni wa zamani, Mwalimu, unene wake ni kama urefu wa mkono wangu. Tutaukata. Nimeshawatuma. Lakini..." Akasita. "Hamtaweza kungoja hadi wamalize."

Atuganile hakuuliza kwa nini. Alijua. Ukuta nyuma yake ulikuwa umepakana na jiwe ambalo halikuwahi kupata joto tangu lilipoumbwa, na tayari aliisikia baridi ikimpanda kutoka kwenye nyayo.

"Tupe joto basi," Tupokigwe alipaza sauti kuelekea spika. "Kwani kuna ugumu gani? Bonyeza, tupate joto, mlango ufunguke, nipeleke ndizi msibani!"

"Mama, ningekuwa na kitufe hicho ningekuwa nimekibonyeza."

Hakikuwepo. Jambo hilo Atuganile alilijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu alikuwepo siku walipoamua kisiwepo.

Mwaka wa kwanza wa Kitulo joto liligawanywa kama maji. Kila bomba lilichukua kidogo, kila ufa kidogo, kila kona isiyo na mtu ikachukua kidogo, na kona za Kitulo hazikuwa na idadi. Tanuru liliwaka kwa nguvu zote na bado watu walilala ndani ya mavazi ya nje, maana joto lote lilipotelea pasipo na mtu. Watoto wawili walikufa. Wakubwa wakaanza kuamuru joto liende kwenye nyumba zao, na ndugu wakaanza kuchukiana.

Wakati huo Atuganile alikuwa msichana wa hesabu. Alipewa kazi ya kueleza joto linapotelea wapi. Akashindwa kuhesabu maji, akakumbuka ujanja wa Vienna, akalikata joto vipande. Aliwaeleza wakubwa kwenye kikao: hivi ni vya kuhesabia tu, mwishoni tutavifuta. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi, Ambilikile, alikuwa amekaa nyuma. Akaenda akajenga mashine, na vipande hakuvifuta. Kona isiyoweza kudai kipande kizima haikupata kitu. Nyumba zilizo karibu na tanuru zilipokea vipande vidogo, na kadiri chumba kilivyokuwa mbali ndivyo kipande chake kilivyokuwa kikubwa, kwa sababu ya joto linalopotea njiani. Mashine ilihesabu mipangilio yote na kuchagua ule wenye njia nyingi. Haikusikiliza mkubwa wala mdogo. Kitulo kikapata joto wiki ileile, na watu wakaimba kanisani.

Mashine ikaitwa Mgawo wa Ambilikile. Atuganile alipiga makofi pamoja na wengine. Aliporudi nyumbani alilia kidogo, akamwomba Mungu amwondolee kijicho, kisha akaanza kufundisha watu wazima jioni.

Sasa tanuru lilikuwa limeshuka nusu, na chumba cha mwisho cha handaki la mwisho, chenye kipande kikubwa kuliko vyote, kilikuwa kimesoma sifuri. Hata robo hakikupata, na mlango ulikula kutoka kwenye mgawo wa chumba chake.

3

Walikaa chini wakiwa wameizunguka hotipoti. Tupokigwe aliifungua kanga, akawatandikia mabegani. Mvuke wa ndizi ulipanda usoni mwao, ukageuka unga mweupe kwenye nyusi za Lusubilo.

"Umezeeka ghafla," Tupokigwe alimwambia. "Mkeo atakukana."

Lusubilo akacheka, meno yakigongana.

Spika ikakohoa. "Mwalimu. Naomba nizungumze na wewe."

"Zungumza. Wote tunasikia."

"Kuna kitu kimoja ninachoweza kukibadilisha. Ukubwa wa kipande." Sauti ya Ambilikile ilikuwa chini. "Nikikipunguza, nanyi mtapata kitu. Kidogo, lakini cha kutosha mlango. Ni vile ulivyosema mwenyewe kwenye kikao kile, mwishoni tuvifute. Mimi ndiye niliyeviacha. Kila siku nilijua ni kazi yako niliyoibeba. Niambie neno moja tu, Mwalimu, nivipunguze."

Tupokigwe alinyanyua uso. "Mwambie basi! Kumbe dawa ipo!"

Atuganile alikuwa akikitazama kile chuma kilichokatika. "Ambilikile, tanuru likiwa nusu, ukipunguza vipande, kona zitaamka."

"Zitaamka."

"Joto litamwagikia huko kama mwaka wa kwanza."

"Ndiyo. Ila huenda tukawahi kuvirudisha kabla..." Hakuimalizia sentensi.

"Zahanati itakaa na joto muda gani?"

Hapo Lusubilo akaacha kutetemeka. Mkono wake ulitoka chini ya kanga ukamshika Mwalimu kwenye kiwiko.

"Usiseme hilo neno," alisema.

"Lusubilo..."

"Mtoto wangu ana uzito wa kikombe cha chai, Mwalimu. Nilimwona leo. Kidole changu hiki ni kikubwa kuliko mkono wake. Wakikizima kile kitanda kidogo tu, amekwisha. Usiseme."

"Na mimi je?" Tupokigwe aligeuka kuwatazama mmoja baada ya mwingine. Macho yake yalikuwa na maji. "Mimi sina mtoto zahanati. Nina miaka hamsini na mbili, nimejifunza kusoma nikiwa mtu mzima, na mwaka huu ndio nimeanza hesabu. Nilikuja kujifunza, sikuja kufa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza!" Akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Simwambii amuue mtoto wa mtu. Nasema tu kwamba hakuna aliyeniuliza."

"Nakuuliza mimi," Atuganile alisema.

Tupokigwe aliikaza kanga mabegani. Kisha akasema, kwa hasira, "Unaniuliza wakati jibu unalijua. Basi acha. Acha kama kilivyo."

Atuganile alifumba macho akaomba. Hakuwa na maneno mazuri. Alisema, Bwana, kitu hiki nilikikata mimi. Nilidhani nimekikata kwa ajili ya kuhesabia tu, nikakiacha, na mwenzangu akakiokota akawaokoa watu kwacho, nami nikamwonea kijicho. Leo kimenifungia ndani pamoja na watu wawili wasio na hatia. Sijui kama ni adhabu. Kama ni adhabu, iwe yangu peke yangu. Kama si adhabu, nifumbue macho.

Akafumbua. Hapakuwa na kitu kipya. Palikuwa na stoo ileile, ukuta uliovaa barafu nyembamba, na sauti ya mafundi wakigonga mlango kwa mbali, kama watu walio katika ndoto ya mtu mwingine.

"Usivipunguze, Ambilikile," alisema. "Unanisikia? Hata nikikuomba baadaye. Hata nikilia."

"Nimekusikia, Mwalimu." Na kabla spika haijazimika walimsikia akilia yeye.

4

"Tule," Tupokigwe alisema. "Kufa na njaa mbele ya hotipoti ni ujinga."

Akavuta vikombe viwili vya bati kutoka juu ya sanduku ili awapakulie mchuzi wa ndizi. Vikombe vilikuwa na maharage ya somo. Akayamwaga ovyo kwenye vile vitatu vilivyobaki, akapakua.

Atuganile akapokea kikombe chake lakini hakunywa. Alikuwa akivitazama vile vitatu. Maharage, yaliyokuwa yametawanyika mojamoja, mawilimawili, sasa yalijaa. Kikombe cha mwisho, kile alichokusudia kiwe mfano wa chumba cha mbali, kikombe kisichopokea ila maharage matano kwa mkupuo, kilikuwa na matano na ziada.

"Mwalimu, kinapoa," Tupokigwe alisema.

"Umeondoa vikombe."

"Nimeviondoa tunywee. Nina hatia?"

Lakini Atuganile alikwisha kusimama, kanga ikimwanguka begani, akibonyeza kitufe.

"Ambilikile! Nyumba ngapi zinapokea joto sasa hivi?"

"Zote, Mwalimu. Isipokuwa ninyi na vyumba vya pembeni."

"Na watu wako wapi?"

"Msibani. Karibu wote wamo ukumbini." Alilitamka neno la mwisho kama mtu aliyeona.

Desturi ya Kitulo ilikuwa hiyo. Kukiwa na msiba nyumba hazizimwi. Wageni wa mahandaki ya mbali hulala popote watakapokaribishwa, na nyumba yenye giza na baridi wakati mwenzako anaomboleza ilionekana kama mtu aliyempa mfiwa mgongo. Kwa hiyo makazi mazima yalikuwa matupu na yenye joto, kila nyumba ikipokea vipande vyake kwa uaminifu, huku wenyewe wamebanana ukumbini wakipashana joto kwa miili yao.

"Joto ni lilelile," Atuganile alisema haraka. "Vikombe vikipungua, kila kilichobaki kinapata zaidi. Na kikipata zaidi, hata chenye kipande kikubwa kinaweza kufikia kimoja kizima. Si lazima kifikie. Ni hesabu ya uwezekano tu. Lakini njia zitakuwa nyingi kuliko sasa."

"Ila nyumba anaizima mwenyewe tu, kwa sauti yake. Mimi siwezi. Na migomba, Mwalimu?"

Alikuwa ameisahau migomba. Kila nyumba ya Kitulo ilikuwa na mgomba wake, au miwili, ndani ya beseni la udongo uliotengenezwa kwa jasho. Nyumba ikizimwa, mgomba unaganda. Ungekuwa mwaka bila ndizi, pengine miwili.

"Siwezi kuwaamuru," alisema. "Niunganishe na ukumbini niwaombe."

Zikasikika sauti za ukumbi: wimbo wa maombolezo ukikatika vipande, viti, mtoto akikohoa. Atuganile akaeleza. Hakupamba. Alisema wako watatu, alisema kwa nini, alisema kwamba hata wakizima zote huenda isisaidie, alitaja migomba. Kisha akasema, "Mama Kisa, wewe ndiwe mfiwa. Desturi hii inakuhusu wewe kwanza. Ukisema nyumba zisizimwe, hakuna atakayekulaumu, wala sisi."

Mama Kisa, mjane wa Mzee Mwasile, alikuja kwenye kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Tupokigwe yupo hapo?"

"Nipo, mama."

"Ndizi zangu umezila?"

Tupokigwe akatazama hotipoti. "Kidogo, mama."

"Nilijua." Alivuta pumzi. "Mume wangu alilala miaka yote akisikiliza tanuru kama mtu anayesikiliza pumzi ya mgonjwa. Alifanya hivyo kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya kuta. Nyumba yangu izimwe ya kwanza. Aliye na chipukizi la mgomba la kubebeka alibebe, alilete hapa, tutalipakata. Wengine mnangoja nini? Nendeni!"

Wakasikia viti vikisogea, miguu mingi ikikimbia.

Walingoja. Ambilikile alitaja majina kadiri nyumba zilivyozimika, mwanzoni mojamoja, kisha kwa mkumbo, wakiwemo mke wa Lusubilo na wapishi walioishi na Tupokigwe, na Tupokigwe aliitikia kila jina, "Ndaga," kwa shukrani ya nyumbani, hata kwa watu aliokuwa amegombana nao. Baridi ilikwisha kuingia ndani ya mifupa. Lusubilo aliacha kutetemeka tena, na safari hii haikuwa ishara njema. Kichwa kilimwinamia kifuani.

"Lusubilo! Mtoto umempa jina gani?" Tupokigwe alimtikisa.

"Bado."

"Baba gani wewe! Mpe sasa. Sema."

"Nangoja... mama yake."

"Ngoja ukiwa macho, basi!"

"Mwalimu," Ambilikile alisema, "zimekwisha. Zahanati, ukumbi na chumba cha mashine ndizo zinazopokea. Lakini kwenu bado ni sifuri."

Atuganile aliegemeza paji la uso kwenye ukuta, barafu ikamshika ngozi. Basi ilikuwa hivyo. Hesabu ilikuwa sawa na njia zilikuwa nyingi, ila hazikutosha. Watu walikuwa wamepoteza migomba yao bure kwa sababu aliwaomba.

"Nimekosea," alisema. "Waambie wawashe tena. Huenda migomba mingine..."

"Subiri." Sauti ya Ambilikile ilibadilika, ikawa ya mwanafunzi asiyejua amwambieje mwalimu wake. "Kuna nyumba moja inapokea bado. Nilidhani mwenyewe ameiacha makusudi, nikaona haya kusema. Iko jirani na tanuru, Mwalimu. Inachukua vipande vingi kuliko zote."

"Ya nani?"

"Yako."

Tupokigwe akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha mtu mwenye midomo iliyokufa ganzi, kibovu, kisichozuilika. "Umehesabu watu wote, Mwalimu! Umejisahau mwenyewe!"

Atuganile hakucheka. Aliiona nyumba yake kana kwamba amesimama mlangoni: taa ikiwaka kwa ajili ya wageni wa msiba, maandazi chini ya kitambaa, na katikati mgomba mrefu ambao mama yake aliubeba kutoka Rungwe ukiwa chipukizi ndani ya kitambaa kibichi, akaupakata safari nzima kama mtoto. Mama alizikwa hapa, kwenye jiwe. Mgomba ndio uliobaki. Ulikuwa na mkungu unaokaribia kukomaa, wala haukuwa na chipukizi hata moja la kubeba.

Alikuwa amewaomba watu mia nne migomba yao bila kuufikiria wake. Na hata kama wangeufikiria kwa niaba yake, hakuna ambaye angeingia kwa mtu asiyekuwepo.

"Nyumba ya Atuganile Mwakyoma," alisema kwa sauti ambayo mashine ingeitambua. Ilitoka kama mkwaruzo. Alimeza mate, akairudia. "Nyumba ya Atuganile Mwakyoma. Izimwe."

Hakuna kilichotokea. Lusubilo alikuwa amefumba macho. Tupokigwe alikuwa akimsugua viganja, akimtukana taratibu kama dada anavyomtukana mdogo wake.

Kisha taa ya stoo ikawaka, nyeupe, na kali kupita kiasi. Ndani ya ukuta bomba likapiga mlio, likaanza kuvuma. Kipande kimoja, kizima. Mlango ukajitikisa, ukamwaga barafu yake sakafuni, ukajifungua.

5

Mafundi walimbeba Lusubilo mbele. Tupokigwe alifuata na hotipoti, kwa sababu, alisema, kuiacha ingekuwa kuongeza aibu juu ya aibu. Atuganile alikuja wa mwisho kupitia handaki lenye giza, akipita nyumba moja baada ya nyingine. Kupitia vioo vya milango aliiona migomba ikiwa imesimama, majani yake yameng'aa kama bati. Mbele ya nyumba yake alisimama kidogo. Hakuingia.

Ukumbi ulikuwa na joto la watu. Walikuwa wamejaa hadi kwenye madirisha ya mawe, na karibu kila mtu alikuwa amepakata chipukizi lililofungwa kwa kanga, kwa koti, kwa shuka. Nusu ya tanuru haikutosha kuzipasha joto upya nyumba zilizoganda, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kwenda nyumbani hadi pampu itengenezwe, na fundi alikuwa amesema haitengenezeki upesi. Atuganile alikuwa ametoka kifungoni, nao wote wameingia humo kwa ajili yake. Aliinamisha kichwa, asijue amsalimie nani kwanza.

Ambilikile alisimama mbele yake. Mvi zilikuwa zimemjaa bila Atuganile kuziona siku zote hizi.

"Nilikuwa tayari kuvipunguza bila ruhusa yako," alisema. "Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nataka ujue."

"Nami nilikuonea kijicho miaka yote," alijibu. "Ulikuwa sahihi kuviacha. Na mimi nilikuwa sahihi kutaka vifutwe. Sijui tufanyeje, Ambilikile. Tutakaa chini, mimi na wewe na watu wote hawa, tutafute."

Mama Kisa alisogea kwenye mkeka. Mapajani alikuwa na chipukizi lenye jani moja lililojikunja.

"Kaa," alisema. "Mgomba wangu ulitoka kwa mama yako, mwaka ule wa kwanza. Kwa hiyo huyu ni mjukuu wenu. Shika, miguu yangu imekufa ganzi."

Atuganile akaketi, akalipokea. Lilikuwa na joto la mapaja ya mjane.

"Mwalimu," Tupokigwe aliita kutoka upande wa pili, akiwa amekaa karibu na Lusubilo aliyeanza tena kutetemeka, ashukuriwe Mungu. "Hukumjibu kijana. Yule mtu wa Vienna. Alijua kwamba ujanja wake umezaa kitu?"

"Alikufa miaka michache baada ya yule wa Berlin kuuazima. Fizikia hiyo mpya ilikuwa bado mtoto mchanga. Kilichokuwa moyoni mwake sikijui."

"Basi wewe una bahati. Umeona."

Mwanamume mmoja akapita akisema wanahitaji idadi kamili ya watu waliomo ukumbini, ili chakula na hewa vipangwe kwa siku zijazo, na je, Mwalimu wa hesabu angeweza kusaidia? Atuganile akalihamishia chipukizi mkono wa kushoto, akanyoosha kidole cha kulia, akagusa kifua chake mwenyewe.

"Mmoja," alisema, na akaendelea na Mama Kisa.